Motokari ya Misioni na Vyombo Vyake: Vilitoka Wapi?

Motokari ya misioni mwaijua. Huja toka mbali imejaa vumbi au matope, watoto huikimbilia, na kabla Padri hajashuka wamekwisha kuhesabu kila kitu kilichofungwa juu yake: bidoni za chuma, bamba mbili za chuma zenye matundu, beleshi, kamba nene, kriki ndefu, mpira wa akiba. Wengi hudhani vitu hivyo vilitoka kiwandani pamoja na motokari yenyewe. Kumbe kila kimoja kina asili yake, na asili hiyo karibu daima ni ya watu waliokwama. Walikwama mchangani au matopeni, wakaketi kando ya gari lao, wakafikiri. Leo twataka kusimulia habari zao.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili latuhusu sisi Wakristu. Mwaka wa 1925, katika nchi ya Waovambo, kaskazini ya ile iliyoitwa Afrika ya Kusini-Magharibi, ambayo sasa ni Namibia, padri mmoja Mdachi wa shirika la Waoblati wa Maria Imakulata alishikwa na homa kali. Jina lake Otto Fuhrmann. Hospitali ilikuwa mbali, na motokari haikuwapo. Palikuwa na gari la kukokotwa na ng'ombe tu. Mwendo wa ng'ombe ni mwendo wa ng'ombe. Msaada haukupatikana kwa wakati, naye akafa angali kijana. Habari ilimfikia rafiki yake wa shirika lile lile, Padri Paul Schulte, ambaye kabla ya kupewa upadri alikuwa rubani wa ndege katika vita vya 1914 hadi 1918. Padri Schulte alijiuliza: tumekuwa na mashine za kurukia angani na kuua watu, je, hatuna mashine ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari? Mwaka wa 1927 akaanzisha katika Ujerumani chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari, motokari, mashua na ndege. Chama hicho chaitwa MIVA, na hata leo chafanya kazi katika nchi kadha za Ulaya.

Padri Fuhrmann twamjua kwa jina kwa sababu alikuwa padri, na rafiki yake aliandika habari zake. Mama waliokufa kwa uzazi katika machela, kati ya kijiji na hospitali, miaka hiyo hiyo na hata miaka yetu, hakuna aliyeandika majina yao. Wao pia wamo katika habari hii.

Lakini kupata motokari ni nusu ya kazi. Motokari iliyofanyizwa kwa njia za lami, ukiileta katika udongo wa Maniema au wa Uele wakati wa mvua, ni sanduku la chuma tu. Lazima ivikwe kwa safari, kama mtu anavyojivika. Na elimu ya kuivika ilipatikana kidogo kidogo, hasa kati ya mwaka wa 1922 na mwaka wa 1945.

Wafaransa wa kiwanda cha Citroën ndio waliopata sifa za kwanza. Tarehe 17 Desemba 1922 walitoka Touggourt, katika Algeria, na motokari tano, na tarehe 7 Januari 1923 wakaingia Timbuktu: jangwa la Sahara limevukwa kwa motokari. Magari yao hayakuwa na magurudumu ya nyuma kama yetu. Nyuma yalizungukwa na mkanda mpana wa mpira, uliotungwa na Adolphe Kégresse, fundi aliyekuwa akitunza motokari za Mfalme wa Urusi na aliyetafuta namna ya kupita juu ya theluji. Kitu kilichotungwa kwa ajili ya baridi ya Urusi kikaja kufaa katika mchanga wa moto!

Kisha ikafuata safari kubwa zaidi, ambayo wenyewe waliiita Croisière Noire. Tarehe 28 Oktoba 1924 motokari nane zilitoka Colomb-Béchar, zikiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Zilipita Niger na Chad, zikafika kwetu Kongo mwaka wa 1925. Wazee wa Uele walizungumza habari zake muda mrefu, maana mchoraji wa safari ile, Alexandre Iacovleff, alikaa kwa Wamangbetu akichora watu wao, na picha hizo zimejulikana dunia nzima. Walivuka Ziwa Albert, wakafika Kampala, na huko wakagawanyika makundi manne: moja likaenda Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Msumbiji, na la nne Cape Town. Haardt alifika Tananarive, katika Madagascar, tarehe 26 Juni 1925.

Ni ushujaa, hatukatai. Lakini tukitafuta fundisho kwa mtu wa misioni, safari ile haitusaidii sana. Esanse na vyakula viliwekwa mbele yao katika ghala, mahali baada ya mahali, miezi mingi kabla hawajafika. Na njia walizopita, nani alizikata? Wakati ule kazi ya barabara katika Kongo ilikuwa ya kulazimishwa. Watu wa vijijini waliacha mashamba yao, wakafyeka msitu na kujenga madaraja ya miti, na katika picha za sinema za safari ile sifa zilikuwa za magari. Tajiri mwenye ghala njiani na maelfu ya mikono mbele yake hana haja ya kujua namna ya kufunga mzigo.

Mtu aliyetufundisha kuliko wote alikuwa mwenye mshahara wa askari tu. Jina lake Ralph Bagnold, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka wa 1896. Mwaka wa 1926 jeshi lilimpeleka Misri. Siku za likizo wenzake walicheza na kustarehe mjini Cairo. Yeye na rafiki zake wachache walichanga fedha zao, wakanunua motokari ndogo za Ford, zile za namna iliyoitwa Model T na baadaye Model A, wakaingia jangwani. Zilikuwa motokari za kawaida, zikisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu.

Magharibi ya mto Nili kuna mahali paitwapo Bahari Kuu ya Mchanga. Ni vilima vya mchanga mtupu, vingine vya mita mia moja na zaidi, vimejipanga safu baada ya safu kutoka kaskazini kwenda kusini, kilomita mamia. Hakuna kisima, hakuna mti. Watu walisadiki kwamba motokari haiwezi kupita humo. Bagnold aliingia mwaka wa 1929, akarudi tena mwaka wa 1930 na kuivuka, na mwaka wa 1932 akafanya safari ndefu zaidi hata mipaka ya Sudan na Chad. Aliwezaje?

Jambo la kwanza alilofanya si kuongeza kitu, ni kuondoa. Aling'oa paa, vioo, mabati ya kuzuia matope na kila chuma kisicho na kazi, akatia nyuma sanduku la mbao jepesi la kubebea mizigo. Kila kilo aliyoiondoa ilimpa nafasi ya kilo moja ya maji au ya esanse. Tunapenda jambo hili lisikike, kwa sababu siku hizi mtu akipata motokari ya nguvu huanza mara moja kuipachika vyuma mbele na nyuma, taa nane, ngazi, na kibanda cha vyuma juu ya paa, hata gari lenyewe lachoka kabla ya safari kuanza.

Pili, maji. Motokari za zamani zilichemka upesi, na mvuke ukatoka kwa tundu la juu ya radiatori ukapotea hewani. Katika jangwa kupoteza maji ni kupoteza uhai. Bagnold aliziba tundu lile, akaunga mpira mwembamba kutoka radiatori hata kwenye kopo kubwa lililofungwa kando ya gari, lenye maji nusu. Mvuke uliingia katika maji ya kopo ukageuka kuwa maji tena. Kopo likijaa na kuanza kurusha maji ya moto, dereva aligeuza uso wa gari kuelekea upepo, akasimama kama dakika moja. Radiatori ikapoa, na maji yote yakanyonywa kurudi mahali pake kwa sauti ya kunguruma kama tumbo la mtu. Waliweza kwenda siku nyingi bila kuongeza hata tone. Tazameni katika motokari ya leo: kile kichupa cheupe cha plastiki karibu na radiatori chafanya kazi hiyo hiyo.

Tatu, zile bamba za chuma. Katika duka moja la vyuma vikuukuu huko Cairo, Bagnold aliona vipande virefu vya chuma vilivyokunjwa kama mfereji, ambavyo wakati wa vita vilifanywa kuwa paa la mashimo ya askari. Alivinunua, kila kimoja na urefu wa kama mita moja na nusu. Gari likizama mchangani, walichimba mbele ya magurudumu ya nyuma, wakasukuma bamba chini yake, gari likapanda juu yake na kwenda mbele. Wakati mwingine ilikuwa kazi ya mara moja, wakati mwingine mara kumi katika saa moja, huku jua likiwaka. Alitumia pia ngazi za kamba, kwa kazi hiyo hiyo.

Nne, upepo wa mipira. Mpira uliojaa sana hukata mchanga kama kisu. Ukiutoa upepo kidogo, unalala chini, unapata uso mpana, na uzito wa gari unatawanyika, kama vile mguu wa ngamia ulivyo mpana kuliko kwato ya mbuzi. Ukifika tena penye mawe lazima uujaze, la sivyo utapasuka. Basi pampu ni chombo cha lazima kama beleshi. Wako mashofere wasiopenda kusikia neno hili. Huona ni aibu kutoa upepo walioutia kwa jasho. Lakini ndilo fundisho lisilogharimu hata faranga moja.

Na njia aliijuaje mahali pasipo na njia? Dira ya kawaida hudanganywa na chuma cha gari. Bagnold alitengeneza dira ya jua: sahani iliyoandikwa digrii, na katikati yake sindano iliyosimama wima. Dereva alishika njia kwa kuangalia kivuli cha sindano, na kila baada ya muda sahani iligeuzwa kidogo kufuata mwendo wa jua. Usiku walipima nyota ili wajue wamefika wapi. Leo satelaiti hufanya kazi hiyo katika simu ya mkononi, mradi simu ina moto.

Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia vitani, na Waitalia walikuwa Libya, jirani na Misri. Bagnold alipewa ruhusa na Jenerali Wavell kuunda kikosi cha kupeleleza ndani ya jangwa, akapewa majuma sita tu kukitayarisha. Kiliitwa Long Range Desert Group. Askari wake wa kwanza walikuwa watu wa New Zealand, wengi wao wakulima waliozoea kutunza mashine zao wenyewe. Makamyo yao ya kwanza yalikuwa Chevrolet za biashara, nazo pia zilisukumwa na magurudumu mawili tu! Baadaye walipewa makamyo ya Ford yenye nguvu katika magurudumu yote manne, wakanung'unika, kwa sababu yalikuwa mazito na yalikunywa esanse mno. Maji ya kunywa yaligawanywa kwa kipimo, kama lita tatu na nusu kwa mtu kwa siku. Januari 1941 walifika hata Murzuk, kusini ya Libya, pamoja na Wafaransa waliotoka Chad.

Mwaka huo huo, askari wetu wa Kongo walijifunza upande wa pili wa elimu hii, yaani matope. Jeshi la Force Publique lilipelekwa kupitia Sudan kupigana na Waitalia katika milima ya Ethiopia. Mvua zilipoanza, njia ya kutoka Gambela kwenda Saio iliharibika, makamyo yakazama, chakula kikapungua, na ugonjwa wa njaa ukaingia kati ya askari. Hata hivyo mwanzoni mwa Julai 1941 Waitalia wa Saio walijitoa mikononi mwao. Ushindi ule huimbwa. Habari za makamyo yaliyozama hazitajwi sana, nazo zingetufaa zaidi, maana sisi hatuna mchanga wa Libya, tuna potopoto.

Sasa tuje kwenye bidoni. Mwanzoni mwa vita Waingereza walibeba esanse katika madebe ya bati jepesi. Yalipasuka na kuvuja njiani, na sehemu kubwa ya esanse ikamwagika mchangani kabla ya kufika. Wadachi walikuwa na chombo chao, kilichotungwa mwaka wa 1937: bidoni ya chuma ya lita 20, yenye mishikio mitatu, ili mtu mmoja aweze kubeba mbili tupu kwa mkono mmoja, au watu wawili wapokezane moja iliyojaa bila kuiweka chini. Kifuniko chake hufungwa kwa mkono bila kifaa, na ndani huachwa nafasi ya hewa, hata ikianguka majini inaelea. Waingereza waliiteka vitani, wakaiiga bila kubadili kitu. Na kwa kuwa askari wao walimwita Mdachi kwa utani «Jerry», ndugu zetu wa Uganda na Tanzania wasema hata leo «jerikani». Ile ya plastiki ya manjano ambayo mabinti zetu huchotea maji imetoka katika ukoo huo.

Matundu ya bamba za chuma yalitoka kwa Waamerika. Mwaka wa 1941 walianza kutumia mabamba marefu yenye matundu, ya kuunganishwa pamoja kufanya uwanja wa ndege juu ya udongo laini. Matundu yalipunguza uzito na kuruhusu maji kupita. Vita vilipokwisha mabamba hayo yaliuzwa bei rahisi kila mahali, watu wakayakata vipande na kuyafunga ubavuni mwa motokari zao.

Motokari zenyewe pia ni watoto wa vita. Jeep ilitengenezwa kwa jeshi la Marekani tangu mwaka wa 1941. Mwingereza Maurice Wilks alikuwa na moja shambani kwake, akaona inafaa kwa kulima na kuvuta, na tarehe 30 Aprili 1948 kiwanda chake kilionyesha Land Rover ya kwanza mjini Amsterdam. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita. Kwetu sisi wenye mvua nyingi uhaba ule ulikuwa bahati, maana aluminiamu hailiwi na kutu kama bati la chuma. Toyota ilianza na motokari ya namna hiyo mwaka wa 1951, ikaiita Land Cruiser tangu 1954. Jina lake sasa halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kongo.

Basi, tukipewa motokari kama hiyo, tuivike namna gani kwa njia zetu? Hapa twasema tuonavyo sisi, na mafundi wengine waweza kubishana nasi.

Tuanze na uzito. Lita moja ya mazutu ina karibu gramu 840. Bidoni kumi zilizojaa, pamoja na chuma chake, zapita kilo 200. Ni uzito wa watu watatu. Ukiziweka juu ya paa, gari litayumba kila penye shimo, na katika njia ya mteremko wa pembeni, yenye utelezi, litaanguka kama mtu aliyebeba mzigo mrefu kichwani. Mafuta na maji, saruji na vyuma, vikae chini kabisa, katikati, mbele ya magurudumu ya nyuma. Juu ya paa weka vitu vyepesi: mikeka, mpira mmoja wa akiba, turubai. Na kila kitu kifungwe. Sanduku la Misa lisilofungwa, gari likisimama ghafula, humwumiza mtu kuliko ngumi.

Beleshi mbili, si moja. Panga kali na shoka, kwa ajili ya miti iliyoanguka. Kamba ndefu, maana msaada wa kwanza katika njia zetu si mashine, ni watu wa kijiji wanaokuja kuvuta, nao wapate pa kushika. Ubao mnene wa kuweka chini ya kriki, la sivyo kriki yenyewe itazama matopeni badala ya kuinua gari. Tumeona mara nyingi watu wamebeba kriki nzuri ya bei kubwa, wasiwe na ubao. Mashine ya kujivuta kwa kamba ya chuma ni nzuri ukiipata, lakini yahitaji mti wenye nguvu mbele yako, na shofere aliyefundishwa kukaa mbali na kamba inapokazwa, maana ikikatika huua. Resori za akiba, mikanda ya moteri na kichujio cha mazutu vichukuliwe daima, kwa kuwa mazutu ya njiani mara nyingi yamechanganyika na maji.

Kabla ya kuvuka mto, mtu atangulie kwa miguu na fimbo kupima kina. Kabla ya kupanda baki, wote washuke, hata mgonjwa kama aweza kubebwa. Na penye kizuizi cha mvua tungoje saa zilizowekwa. Wako wanaompa mlinzi kitu ili afungue, nao ndio wanaochimba yale mashimo ambayo juma lifuatalo yatakwamisha wengine.

Jambo moja zaidi, nalo lapimwa kwa kamba kabla ya kupakia chochote. Nyuma ya gari, upande mmoja, iachwe nafasi tupu ya urefu wa mtu mzima aliyelala, mita moja na sentimita 80 au zaidi, na upana wa godoro dogo, na pembeni yake pa kuketi mtu mmoja wa kumshika. Mizigo yote ipangwe kwa kuizunguka nafasi hiyo. Tukisema tutaipanga mgonjwa akipatikana, tutajikuta usiku, mvua yanyesha, mifuko ya saruji imelowa na kushikamana, na mama analia barazani pa nyumba huku wanaume wanne wakipakua.